Wakili wa Buddu Aliyewakatalia Wanajeshi

Hapa Kanyosha, kama katika sehemu nyingi za Burundi, jina la Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda, lina historia yake. Kabla ya uhuru Warundi kwa maelfu walikwenda huko kulima pamba na kahawa za Waganda, wengi wao kwa miguu, wakikimbia kodi ya Mbelgiji, kiboko na kazi za shuruti. Njia yao kubwa ilipita Tanganyika, ikatokea Mutukula, ikaingia Masaka. Kwa hiyo udongo wa kwanza wa Buganda waliokanyaga ulikuwa wa Buddu, saza, yaani jimbo, la kusini lenye migomba na mibuni hadi ukingoni mwa ziwa Victoria. Katika Buddu hiyo, kwenye kijiji cha Kisabwa, alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka, mtu atakayekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na jaji mkuu wake wa kwanza mzalendo, kisha akafa kifo kisicho na kaburi.

Kumwelewa Kiwanuka kunaanzia kwenye dini. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana vita, na bunduki za kapteni Mwingereza Lugard zikaamua mshindi. Waprotestanti walibaki na Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na vyeo vinono. Wakatoliki walipewa Buddu. Tangu hapo Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, akawa Mprotestanti, huyu akitoka anaingia mwingine wa dini hiyohiyo. Huko Masaka Wakatoliki walijenga misheni, shule na seminari, na mwaka 1939 Papa Pius XII akamweka wakfu Joseph Kiwanuka kuwa askofu wao, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata uaskofu katika Kanisa la zama hizi. Mtoto wa Kisabwa alikulia mahali ambapo mtu mweusi angeweza kuwa askofu, lakini hangeweza kuwa Katikkiro akiwa Mkatoliki. Jambo hilo hakulisahau.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la Waingereza, akafika Misri na Palestina. Aliporudi mwaka 1946 alipata kazi Mahakama Kuu ya Kampala, akiwa karani na mkalimani. Kazi ya mkalimani wa mahakama ni ya ajabu. Upande mmoja yuko jaji Mzungu na wigi lake, upande wa pili yuko mkulima aliyeshtakiwa, na kila neno litakalomfunga au kumwachia huyo mkulima linapita kinywani mwa mtu wa tatu, ambaye hana mamlaka yoyote. Mkalimani makini hujifunza mapema kwamba shahidi anaweza kusema kweli na bado kesi ikaanguka kwa sababu karatasi fulani haikuwasilishwa. Nadhani humo ndimo Kiwanuka alimopata imani yake kubwa, kwamba kilichoandikwa kinamfunga kila mtu, hata mfalme. Imani hiyo ilimpandisha cheo na ikamtia matatani, kwa zamu.

Alikuwa tayari na mke na watoto alipoamua kurudi darasani. Mwaka 1950 alikwenda Roma, ile ya Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho, kwenye chuo cha Kikatoliki cha Pius XII. Miaka miwili baadaye alivuka hadi University College ya London, akiwa na miaka 30. Alisoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili kupitia Gray's Inn, akarejea Kampala mwaka 1956. Siku hizo Kampala ilikuwa mji mdogo wa vilima na maduka ya Wahindi, na mawakili Waafrika walikuwa wa kuhesabika. Angeweza kutajirika kwa kesi za mashamba peke yake, maana Waganda na kesi za ardhi ni chanda na pete. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu tu.

Katika miaka hiyohiyo ya London, Kabaka Mutesa II naye alikuwa London, mkimbizi wa lazima. Gavana Cohen alimfukuza Novemba 1953, na hakurudi hadi Oktoba 1955. Aliporudi, Buganda nzima ililipuka kwa furaha. Mwaka huohuo Lukiiko, baraza la Buganda, lilipiga kura ya kumchagua Katikkiro. Mkatoliki Matayo Mugwanya akaikosa nafasi kwa kura chache sana, akashinda Mprotestanti Michael Kintu. Mugwanya alipochaguliwa baadaye kuingia Lukiiko, Kabaka mwenyewe alikataa asikae. Chama cha Democratic Party, DP, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikua juu ya kidonda hicho. Kaulimbiu yake ilikuwa ukweli na haki. Wapinzani walikibeza kuwa ni dini ya Papa, na wenye DP wakajibu kwamba UPC, chama pinzani cha Milton Obote, ni umoja wa Waprotestanti wa Canterbury. Siasa za Uganda zilikuwa hivyo, za misa na sala ya jioni, na anayesema ni ukabila mtupu hajazitazama vizuri.

Mwaka 1958 DP ilimchagua Kiwanuka kuwa rais wake. Alikitoa chama Mengo na kukipeleka nje, Ankole, Kigezi, Acholi na West Nile, kila penye parokia na shule ya mapadri. Alisema kwa ukali, alichelewa kucheka, na hakujua kumbembeleza mtu. Waliofanya naye kazi walimheshimu. Waliotaka kubembelezwa walimchukia.

Kisha ukaja uchaguzi wa Machi 1961. Mengo, ikihofia kwamba Uganda moja itammeza Kabaka, iliwaamuru Waganda wasijiandikishe. Wengi walitii, waliojiandikisha Buganda hawakufika hata watano kwa kila mia. Kiwanuka aliona mlango umeachwa wazi akaingia. Aliwahimiza Wakatoliki wachache wajiandikishe licha ya vitisho, na kwa kura hizo chache DP ikazoa viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Nchi nzima UPC ilipata kura nyingi zaidi, karibu 495,000 dhidi ya 415,000 hivi za DP. Lakini sheria ilihesabu viti, na kwa viti DP ilikuwa na 43, UPC 35. Tarehe 2 Julai 1961 Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi.

Ushindi huo ulikuwa halali, na ulikuwa mbovu. Yote mawili ni kweli. Wakili aliona uhalali. Mwanasiasa angeona kwamba Waganda walio wengi sasa wanatawaliwa na Mganda wasiyempigia kura, mtu wa kawaida asiye na ukoo wa kifalme aliyepanda juu ya Kabaka. Mengo hawakumsamehe. Mwezi Juni, kabla hata hajaapa, Sepiriya Masembe-Kabali na wenzake walianzisha Kabaka Yekka, Kabaka peke yake, jina ambalo ndilo pia lilikuwa sera yote ya chama. Kabaka Yekka ikafunga ndoa na UPC. Obote hakumpenda Kabaka, wala Kabaka hakumpenda Obote, ila wote wawili walimtaka Kiwanuka aondoke. Askofu Joseph Kiwanuka, ambaye sasa alikuwa askofu mkuu wa Rubaga, alipotoa waraka wa kichungaji Novemba 1961 akionya juu ya siasa za kujificha nyuma ya mfalme, Mengo iliwaka moto.

Pigo lenyewe lilipigwa London. Kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, Septemba na Oktoba 1961, Waingereza walikubali kwamba wabunge wa Buganda wanaweza kuteuliwa na Lukiiko badala ya kupigiwa kura na wananchi. Kiwanuka alijua maana yake. Lukiiko ilikuwa ya Kabaka, na Lukiiko haiwezi kumteua mtu wa DP. Ujumbe wake ulitoka mkutanoni kwa hasira, lakini katiba ikaandikwa vilevile. Aliyekuwa ameshinda kwa kufuata maandishi, sasa alikuwa anaona maandishi yanaandikwa upya ili ashindwe.

Mkutano huo ulimalizika siku chache tu kabla ya msiba wetu. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA, chama cha mwanamfalme Rwagasore, ilikuwa imepata viti 58 kati ya 64 hapa Burundi, na tarehe 13 Oktoba, akiwa mezani katika mkahawa wa hoteli Tanganyika, ufukweni hapa Bujumbura, Rwagasore akapigwa risasi. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na waliohukumiwa kuwa nyuma yake walikuwa wakuu wa PDC, chama cha Wakristo wa demokrasia kilichopata kichapo kwenye sanduku la kura. Burundi chama cha namna hiyo kiliua. Uganda chama chenye jina la karibu na hilo kilishinda kura kikanyang'anywa kwa katiba. Kiwanuka alikuwa na bahati, kwa wakati huo, kwamba maadui zake walitumia wino.

Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipata serikali ya ndani, na Kiwanuka akaapishwa waziri mkuu wa kwanza. Alidumu miezi miwili. Serikali yake ilikuwa hata imependekeza bendera ya taifa, yenye mistari ya kusimama ya kijani na buluu iliyotengwa kwa njano, na korongo wa njano katikati. Aprili ukafanyika uchaguzi mwingine. UPC ilipata viti 37, DP 24, na Lukiiko ikawapeleka bungeni watu 21 wa Kabaka Yekka. Waziri mkuu mwenyewe, akiwa Mganda, alibaki bila kiti. Bendera ya korongo ikatupwa, ikashonwa nyingine ya nyeusi, njano na nyekundu, na hiyo ndiyo iliyopandishwa usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, mikononi mwa Obote, waziri mkuu mpya.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, kwa kuwa ni miaka ya mtu aliye nje ya mlango. Basil Bataringaya, aliyeiongoza kambi ya DP bungeni, alihamia UPC siku ya mwisho ya mwaka 1964, na wenzake kadhaa wakamfuata. Wakili wa Buddu alibaki na chama chenye jina na wanachama wachache wakaidi.

Lakini kesi moja ya wakati huo inastahili kutazamwa, ijapokuwa haikuwa yake. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri wake watano na kuisimamisha katiba. Mwezi Mei jeshi, chini ya Idi Amin, lilivunja ikulu ya Mengo, na Mutesa akakimbilia Uingereza kupitia hapa hapa Bujumbura. Miongoni mwa waliokamatwa siku hizo alikuwa Michael Matovu, Pokino, yaani mkuu wa saza la Buddu, nyumbani kwa Kiwanuka. Ombi la Matovu la kuachiwa lilifika Mahakama Kuu. Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnigeria, na majaji wenzake walikiri kwamba katiba mpya haikupatikana kwa njia ya katiba ya zamani. Wakachukua nadharia ya Hans Kelsen, msomi wa Austria, wakasema mapinduzi yakifanikiwa, sheria inaanza upya na mapinduzi. Matovu alibaki kizuizini. Nimekuwa nikiwasikia wanasheria wakiisifu hukumu hiyo kwa usomi wake. Usomi ulikuwepo kweli. Mtu wa Buddu ndiye aliyelala ndani.

Mwaka 1969 zamu ikamfikia Kiwanuka. Serikali ya Obote ilimtia gerezani. Desemba hiyo Obote alipigwa risasi pale Lugogo akapona, na vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Kiwanuka aliendelea kukaa ndani hadi tarehe 25 Januari 1971, redio ilipotangaza kwamba jeshi limechukua nchi. Siku tatu baadaye Amin alimfungulia pamoja na wafungwa wengine wa siasa, 55 kwa jumla, katikati ya umati wa watu wenye shangwe. Juni 1971 alimteua Jaji Mkuu.

Kwa nini alikubali? Wapo wanaomlaumu, na lawama ina msingi: alijua Amin alivyoingia, na aliijua hukumu ya Matovu. Mimi naona alifanya hesabu ya wakili. Katika maisha yake yote ya siasa wengine ndio waliotafsiri sheria naye akaumia. Sasa alipewa kiti cha mtafsiri, katika mahakama ileile alikoanzia akiwa karani. Ni Mganda gani wa Masaka angekikataa? Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba Amin naye anasoma.

Burundi ilipata ushahidi wa jambo hilo mapema kuliko Kampala. Mwami Ntare V, mfalme wetu aliyepinduliwa na Micombero mwaka 1966, alifika Uganda Machi 1972. Micombero, sasa rais, alimwandikia Amin barua ya kumhakikishia usalama wa kijana huyo. Tarehe 30 Machi Amin akamrudisha Bujumbura kwa helikopta yake. Ntare alikamatwa mara alipofika, akapelekwa Gitega, akauawa tarehe 29 Aprili. Siku hiyohiyo uasi ulianza kusini, huko Rumonge na Nyanza-Lac, na habari zake zikaja mjini kwa barabara ya ziwani inayopita hapa Kanyosha. Mauaji yaliyofuata, yale tunayoyaita Ikiza, kila familia inayajua kwa majina yake. Barua yenye saini ya rais mmoja kwa rais mwingine ilikuwa imedumu mwezi mmoja. Jaji Mkuu wa Uganda wakati huo alikuwa Kiwanuka, na kama aliipima thamani ya saini za watawala wa mwaka ule, haikubadili alivyoamua.

Agosti Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Wanajeshi walijaa barabarani, wakikamata watu kama wanavyotaka. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa mfanyabiashara Mwingereza, Daniel Stewart, aliyewekwa kwenye gereza la kijeshi la Makindye. Ombi lake lilipelekwa mahakamani: aletwe mbele ya jaji, na waliomfunga waseme wamemfunga kwa sheria gani. Swali ni lilelile la Matovu. Safari hii aliyelijibu alikuwa Kiwanuka. Alisema jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia wa namna hiyo na kumzuia, akaamuru aachiwe. Hakumtaja Kelsen wala hakuhitaji. Kwa mtu aliyewahi kutafsiri kesi za wakulima ilikuwa hoja ya mstari mmoja: onyesha karatasi.

Stewart aliachiwa. Ila mahali ambapo majenerali ndio serikali, hukumu kama hiyo ni tusi. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakapitia Mutukula wakielekea Masaka na Mbarara, wakashindwa. Amin alianza kuwaona wasaliti kila kona, na minong'ono ikasema Jaji Mkuu amepatana na Obote, yule yule aliyemfunga.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walifika Mahakama Kuu wakamkamata ofisini mwake. Walimtoa mbele ya wafanyakazi, hana viatu, wakamsukuma ndani ya gari. Serikali ikatangaza kwamba ametekwa na watu wa Obote. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba haamini. Inajulikana kwamba alipelekwa kwa wanajeshi akauawa, na habari nyingi zinaitaja Makindye, gereza lilelile alikomtoa Stewart. Mwili haukuonekana tena. Mwezi huohuo, Mbarara, askari walimuua pia Bataringaya, yule aliyeikimbia DP akitafuta upande wenye nguvu.

Kama mwanasiasa, Kiwanuka alikuwa mbovu, na wanaompamba leo wanaliruka hilo. Hakujua kumpigia magoti Kabaka, wala kugawana keki na Obote, wala kusubiri. Angekubali kuinamisha kichwa kidogo Mengo mwaka 1961, huenda yeye ndiye angepokea uhuru. Lakini asingekuwa mtu yule aliyesoma ombi la Stewart Septemba 1972 akalijibu kama anajibu ombi la mtu yeyote.

Kampala leo ina barabara inayoitwa Ben Kiwanuka, yenye maduka na msongamano wa magari, na tangu 2018 Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kumkumbuka kila Septemba. Majaji huhutubia, familia huhudhuria. Swali lake halijafungwa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Mwezi Mei bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha raia huko kwa baadhi ya makosa, na Juni 2025 rais akaitia saini.